Mwenye Kulipa Yuko Wapi Tunapoamua?

Kusini mwa Maniema maamuzi magumu hayapigi hodi. Baba mwenye shamba karibu na Salamabila, wilayani Kabambare, anatakiwa na wenye bunduki awape kijana wake, au awape mali. Mwanafunzi wa Kasongo ambaye wazazi wake wameshindwa kulipa karo anawaza kuacha darasa na kushuka mashimoni Namoya kutafuta dhahabu. Jamaa za mbakaji wanakuja jioni na mbuzi na kikwembe, wakiomba jambo liishe kindugu kabla halijafika mahakamani. Wengi wa watu hawa ni waumini, na kabla ya kuamua wanasali. Swali la mjadala huu ni hili: sala hiyo inabadilisha nini ndani ya uamuzi wenyewe? Hoja yangu ni kwamba imani ya Kikristo haimkabidhi mtu jibu lililo tayari. Inamlazimisha aulize swali ambalo hofu na tamaa hulificha: gharama ya uamuzi huu ataibeba nani, na mtu huyo yuko wapi tunapoamua? Hoja hiyo ina wapinzani, tena wapinzani wenye akili, na haifai kuitetea bila kuwasikiliza. Kwa hiyo nimewapa nafasi watu wanne, kila mmoja akibeba msimamo wa wengi: mchungaji wa kanisa la uamsho, mnunuzi wa dhahabu, shehe, na mama kiongozi wa jumuiya ndogo ya Kikristo.

MCHUNGAJI: Ndugu yangu mwandishi, unamzungusha mtu mwenye shida. Mungu wetu anasema. Mtu akifunga na kusali kwa moyo mmoja, atapewa ndoto, au neno la unabii, au aya itakayomjia waziwazi. Ibrahimu alipoambiwa aondoke kwao hakuitisha kikao cha kuhesabu gharama. Alitii, basi.

Kwamba Mungu husema sipingi. Mkristo anayekana hilo hana sababu ya kusali. Ninachouliza ni jinsi ya kujua kwamba aliyesema ni yeye. Kabambare haina upungufu wa watu wenye uhakika kwamba wametumwa. Wapiganaji wa Mai-Mai nao hufuata miiko, dawa na maji, na wanakwenda vitani wakiamini kabisa kwamba nguvu isiyoonekana imewatangulia. Uhakika wa moyoni, kama ndio kipimo pekee, unampa haki kila mwenye sauti kubwa. Biblia yenyewe imelitazama tatizo hili bila kuona haya. Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 22, mfalme Ahabu anataka kwenda vitani Ramoth-Gileadi, na manabii wapatao 400 wanamwambia kwa sauti moja aende, atashinda. Mmoja tu, Mikaya mwana wa Imla, anapinga, na kwa kupinga anapigwa kofi na kutupwa gerezani. Ukiutazama unabii wake utaona kinachomtenga na wale 400. Wao walimwona mfalme na ushindi wake. Mikaya aliwaona askari wametawanyika milimani kama kondoo wasio na mchungaji. Aliwaona wale ambao wangelipa. Na Ibrahimu? Ni kweli aliondoka kwao bila kuuliza. Lakini katika Mwanzo, sura ya 18, Mungu alipomfunulia hukumu ya Sodoma, mtu huyohuyo mtiifu alisimama akamsihi Mungu kwa ajili ya watu wa mji, akishusha hesabu ya wenye haki kutoka 50 hadi 10. Utii wa Ibrahimu haukumziba mdomo mbele ya mateso ya wengine, na Mungu hakumkemea kwa kuuliza. Kwa hiyo Mchungaji akinijia na neno la unabii kwamba kijana fulani aende mashimoni, au kwamba mtoto fulani wa kambo ndiye mchawi wa nyumba, sitaanza kwa kubishana naye juu ya Roho Mtakatifu. Nitamwuliza neno hilo linamtwika nani mzigo, na kama aliyetwikwa amesikilizwa. Ikiwa mzigo unamwangukia mdogo kuliko wote, na manufaa yanamrudia aliyetoa unabii, basi hao ni manabii wa Ahabu.

MNUNUZI WA DHAHABU: Baba, hayo ni maneno ya watu walioshiba. Sisi wa Salamabila tunaamuliwa na njaa na bunduki. Kuna bariyeri: ukilipa unapita, usipolipa unabaki pale na mzigo wako, au unabaki maiti. Imani ni nzuri Jumapili. Jumatatu inataka akili.

Katika nusu ya maneno yake mnunuzi ana haki, na makanisa yanapaswa kuikubali nusu hiyo bila shingo upande. Mtu aliyetozwa fedha kwa mtutu wa bunduki hajatenda uovu, ametendewa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 inakiri kwamba hofu na kushurutishwa hupunguza lawama ya tendo, hata kuifuta. Mahubiri yanayomwongezea mzigo wa hatia mama aliyelipa bariyeri ili afike sokoni ni mahubiri ya mtu asiyeijua njia ile. Lakini nusu ya pili inateleza, kwa sababu inachanganya mambo mawili. Kumlipa mwenye bunduki ili upite ni jambo moja. Kumkopesha fedha kabla ya msimu, kununua kwake dhahabu ambayo wachimbaji wamenyang'anywa, na kuhesabu bunduki yake kuwa sehemu ya mtaji wako, hilo ni jambo la pili. Katika lile la kwanza umebanwa ukutani; katika la pili bado una nafasi ya kuchagua, na mara nyingi njaa inayotajwa kuwa sababu si njaa yako. Watu wa Salamabila wamepitia mengi tangu mgodi wa Namoya ulipoanza kuzalisha kibiashara mwaka 2016: ugomvi kati ya mgodi mkubwa na wachimbaji wadogo, kundi la Mai-Mai Malaika kujiingiza katikati, familia kukimbia, kazi kusimama mwaka 2019. Katika kila hatua walikuwepo waliokuwa na kitu cha kuamua na waliokuwa na gharama ya kulipa. Ni nadra kuwakuta wawili hao ni mtu mmoja.

Kielelezo cha akili ya Jumatatu tunacho, na hakikutoka mbali. Floribert Bwana Chui alikuwa kijana wa Goma aliyefanya kazi mpakani, katika ofisi ya serikali inayokagua ubora wa bidhaa. Aliletewa shehena ya chakula kilichooza na hongo ya kuifumbia macho. Alikuwa na sababu zote ambazo mnunuzi wetu angezitaja: mshahara, hatari, desturi ya mahali pa kazi. Kinachonivutia katika habari zake ni kwamba kabla ya kushika msimamo alitafuta ujuzi. Alimwuliza mtu wa tiba chakula kile kingewadhuru vipi walaji. Kumbe imani yake haikumwondolea haja ya kujua mambo yalivyo, ilimwongezea. Kisha akauweka mbele yake umati ambao haukuwepo mezani hongo ilipotajwa, yaani watu ambao wangenunua chakula kile sokoni bila kujua, akakataa kuwalipisha. Aliuawa Julai 2007 akiwa na umri wa miaka 26, na tarehe 15 Juni 2025 Kanisa Katoliki lilimtangaza mwenyeheri mjini Roma. Kasongo yenyewe inaujua uhusiano huu wa upendo na ujuzi. Katika miaka ya 1970 waganga na watafiti wa mradi wa afya wa Kasongo, wakishirikiana na taasisi ya tiba ya Antwerp, hawakuridhika na kuwachanja watoto surua na kushangilia. Waliuliza kama mtoto aliyeepushwa na surua anaendelea kuishi, au anachukuliwa baadaye na ugonjwa mwingine, na mwaka 1981 wakachapisha matokeo yanayoonya kwamba chanjo peke yake haitoshi. Muumini anayempenda mtoto mgonjwa lakini hataki kujua anaumwa nini, upendo wake haujakamilika.

MNUNUZI WA DHAHABU: Lakini kijana huyo alikufa, Baba. Umeniletea mfano wa maiti.

Alikufa, ndiyo, na sitaki kulipamba jambo hilo. Imani haimwamuru kila karani afe, wala haimhukumu anayekimbia. Yesu mwenyewe, kwa mujibu wa Injili ya Mathayo, aliwaruhusu wanafunzi wake wakimbie kutoka mji hadi mji, na wazazi wake walikimbia naye Misri. Lakini angalia maiti wengine katika hesabu yako. Chakula kilichooza kingekuwa na wafu wake pia, pengine watoto, pengine wazee, waliotawanyika katika nyumba nyingi, kila mmoja akizikwa peke yake bila mtu kujua sababu. Hesabu inayomwona Floribert na kutowaona wao ina kasoro, hata kama aliyeipiga anaijua biashara kuliko mimi. Akili ya Jumatatu huwahesabu wafu wanaojulikana majina tu.

SHEHE: Nimewasikiliza kwa adabu. Sasa niulize kama jirani. Kushauriana kumeipa jina sura nzima ya Kurani, sura ya Ash-Shura, na Mwislamu mwenye jambo zito husali istikhara, sala ya kuomba mwongozo, kabla ya kuamua. Hapa Kasongo tulikuwa tukisali kabla misalaba haijafika. Tena misalaba hiyo ilifika nyuma ya bunduki za Dhanis, kamanda wa mfalme Leopold wa Ubelgiji, mwaka 1893. Walisema wanakuja kukomesha utumwa, wakatuletea mpira na shurutisho. Imani hiyo iliongoza uamuzi gani?

Shehe ameweka mezani mambo mawili, na yote mawili yanastahili jibu la heshima. La kwanza ni historia. Kasongo ulikuwa mji wa Hamed bin Muhammed, Tippu Tip, na ulianguka mikononi mwa jeshi la Leopold tarehe 22 Aprili 1893. Utawala uliofuata ulijiita wa Kikristo na wa kistaarabu huku ukiwatwika watu mizigo, ukiwashurutisha kazi na kuchukua mavuno yao. Sina la kuutetea. Sitasema kwamba wale hawakuwa Wakristo wa kweli, maana jibu hilo humsafisha kila mtu na halimfundishi yeyote. Walikuwa wamebatizwa, walisali, na waliamua vibaya sana. Kasoro yao ndiyo hasa hoja yangu inayojaribu kuitaja: waliamua Brussels na Berlin juu ya watu ambao hapakuwa na hata mmoja wao katika chumba kile. Mkutano wa Berlin ulifungwa mwaka 1885 bila Mkongo kuulizwa neno. Lakini kwa haki hiyohiyo, Shehe wetu, watumwa waliopita Kasongo na Kabambare pamoja na pembe za ndovu kwenda pwani kabla ya Dhanis nao waliamuliwa bila kuulizwa. Hakuna dini katika Maniema inayoweza kusimama ikasema mikono yake ilikuwa safi. Tukianzia hapo, sote wawili tukiwa na deni, tunaweza kuzungumza kama majirani.

La pili ni kama Ukristo una la kuongeza juu ya busara ambayo Uislamu na mila za wazee tayari zinayo. Sehemu kubwa ya busara hiyo ni mali yetu sote, na Mkristo wa Kasongo anayedhani anaweza kuamua mambo ya mji bila Waislamu anavunja kipimo nilichokitaja, kwa kuwa nao watalipa. Ila msalaba unasema jambo lake. Katika Injili ya Yohana, sura ya 11, kuhani mkuu Kayafa anatoa ushauri ambao kila baraza la usalama ulimwenguni limewahi kuutoa: heri afe mtu mmoja, taifa zima lisiangamie. Kama hesabu tu, ushauri huo una mantiki. Kasoro yake ni kwamba huyo mmoja hakuulizwa, na aliyetoa ushauri hakujitolea kuwa yeye. Imani ya Kikristo inakiri kwamba Mungu, alipokuja kati ya watu, hakukaa kwenye kiti cha Kayafa. Alikuwa upande wa aliyeamuliwa. Ndiyo maana mwamini hawezi kumtafuta Mungu katika uamuzi wake pasipo kumtazama anayebeba gharama, kwa sababu huko ndiko Mungu alikojiweka. Sijui kauli inayobana zaidi ya hiyo kwa mwenye madaraka.

Na huku kwetu kauli hiyo ilikuwa na mtu aliyeichukua kwa uzito. Christophe Munzihirwa, Mjesuiti, alifika Kasongo mwaka 1986 kama askofu mwandamizi, akawa askofu wa jimbo mwaka 1990, kabla ya kupelekwa Bukavu mwaka 1994 kama askofu mkuu. Wengi wanamkumbuka kwa kifo chake. Mimi naona ufunguo wake uko mwaka 1971, utawala wa Mobutu ulipowaingiza wanafunzi wa chuo kikuu jeshini kwa nguvu. Munzihirwa alikuwa padri mtu mzima, hakuguswa na amri ile. Hakuwa na uwezo wa kuibatilisha. Aliomba naye aandikishwe, akavaa sare pamoja na vijana. Mtu asiyeweza kubadilisha uamuzi bado anaweza kuhamia upande wa wanaoulipia, na huko anajifunza uzito wa amri kwa mabega yake. Ukiitazama barabara ya maisha yake baada ya hapo, mambo mengi yananyooka.

MNUNUZI WA DHAHABU: Askofu huyo tunamheshimu. Lakini mwaka 1994 alipowapokea wakimbizi kutoka Rwanda, ndani yao walikuwamo wauaji. Na mwishowe kambi zilishambuliwa, vita vikaja, yeye akauawa. Uamuzi ulioongozwa na imani ulizaa nini?

Swali hili ndilo gumu kuliko yote, na kulikwepa ni kumdharau marehemu. Ni kweli kwamba ndani ya kambi za Kivu walikuwamo waliotenda mauaji ya kimbari, wenye silaha, waliowashika wakimbizi wengine mateka. Uamuzi wa kuwahifadhi wote ulikuwa na gharama, na sehemu ya gharama hiyo ilibebwa na manusura wa Rwanda na raia wa Kivu. Anayesema Munzihirwa alipaswa kuwatambua waziwazi zaidi wahalifu wale anatoa hoja inayosikilizika. Lakini njia mbadala zilizokuwapo zilikuwa na umbo la Kayafa: kuwahesabu mamia ya maelfu ya wanawake, watoto na wazee kuwa kitu kimoja na wauaji wao, kisha kuwaachia vita. Munzihirwa alikataa hesabu hiyo huku akikemea pia uporaji wa askari wa Zaire wenyewe, na akapeleka kilio chake nje ya nchi ili dunia ichukue hatua. Haikuchukua. Kushindwa kwa aliyeonya si ushahidi kwamba onyo lilikuwa baya. Mwishoni mwa Oktoba 1996, wakuu wa serikali na wa jeshi walipokuwa wamekwisha kuondoka Bukavu, yeye alibaki, akawasihi watu watulie na wasidhuriane. Aliuawa jioni ya tarehe 29 Oktoba, njia panda ya Nyawera.

Hapa mafunzo ya shirika lake yanasaidia kuelewa. Ignasi wa Loyola, mwanzilishi wa Wajesuiti, ambaye kitabu chake cha Mazoezi ya Kiroho kilipata kibali cha Papa mwaka 1548, aliweka kanuni kwamba mtu aliye katika giza la moyo asigeuze uamuzi alioufanya alipokuwa na mwanga. Hofu inapotanda, si saa ya kuanza kuamua upya wewe ni nani. Kanuni hiyo si ukaidi, kwa kuwa inatanguliwa na kazi ndefu ya kupima, kushauriana, kujua habari na kujihoji nia. Nchi yenye vita inaihitaji kuliko nchi yenye amani. Mtu anayengoja bunduki ifike mlangoni ndipo aanze kutafuta mapenzi ya Mungu, bunduki ndiyo itakayomjibu kwanza. Nami nikiulizwa parokia za Kabambare zifanye nini katika majuma ya utulivu, ningesema ziamue sasa jinsi ya kupokea wanaokimbia, nani ataombwa akiba ya mihogo na mchele, nani ataketi nao, nani atasema na wenye bunduki, badala ya kungoja watu wajae uwanjani mwa kanisa.

MAMA WA JUMUIYA: Nimewangoja nyote mmalize. Mmezungumza juu ya wafalme na maaskofu. Sasa nisikilizeni mimi. Binti amebakwa. Wazee wa koo mbili wanaketi, wote wanaume, wengi wao ni wa kanisa. Wanafungua kwa sala. Wanasema tusamehe, tujenge amani, mtoto wetu asiaibike mahakamani. Mbuzi wanahesabiwa. Msichana yuko jikoni. Mwandishi, swali lako ni zuri, lakini nani anampa ruhusa ya kulijibu?

Mama amefika mahali ambapo hoja yangu inapaswa kusimama au kuanguka. Katika sehemu hizi za Kongo mapatano ya namna hiyo ni jambo la kawaida, na yanafanywa kwa maneno matakatifu. Sheria mbili za tarehe 20 Julai 2006 ziliongeza ukali dhidi ya ubakaji na kuziba njia ya kulimaliza kosa kwa malipo. Kesi ya jinai haifutwi na mbuzi. Wazee wanalijua hilo, ila wanajibu kwamba mahakama iko mbali, inataka fedha, na mhalifu atatoka kesho akiwa na hasira. Wengine wanaongeza Maandiko: Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, inayomtaka mwanamume amlipe baba fedha na kumwoa binti. Siwezi kusema sura hiyo haipo. Nasema Biblia hiyohiyo imetuwekea kesi kamili ya kilichotokea pale jamaa walipochagua ukimya. Katika Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 13, Amnoni anamnajisi dada yake Tamari. Tamari anasema; maneno yake yameandikwa, yana busara kuliko ya wanaume wote wa sura ile. Baadaye ndugu yake Absalomu anamwambia anyamaze. Mfalme Daudi, baba yao, anakasirika na hafanyi lolote. Nyumba ikapata utulivu ambao wazee wetu wangeuita amani. Baada ya miaka miwili Absalomu akaamuru Amnoni auawe, na baada ya hapo vita vya baba na mwana vikaigawanya nchi. Mwandishi wa kitabu kile hakuhitaji kuongeza maelezo. Amani iliyonunuliwa kwa ukimya wa Tamari haikuwa amani hata kwa wale walioinunua.

Kuhusu msamaha, makanisa yetu yamekosea na inafaa kusema hivyo wazi. Kusamehe ni haki ya aliyekosewa. Baba hawezi kusamehe kwa niaba ya binti yake, ukoo hauwezi, padri hawezi. Anayepokea mbuzi na kutangaza msamaha ametoa kitu ambacho hakikuwa chake. Tena msamaha, pale unapotolewa na mwenyewe kwa hiari, hauondoi haja ya tiba katika saa za kwanza, wala haja ya haki, wala ulinzi wa msichana mwingine ambaye mtu yule atakutana naye kesho. Mchungaji wetu, ambaye nilimpinga hapo mwanzo, anaweza kuwa na nguvu hapa kuliko wengi: sauti yake inasikilizwa na wazee, na neno lake moja kwamba kikao hiki si halali mpaka binti ajulikane anataka nini lingefanya kazi ambayo sheria haijaifanya.

MAMA WA JUMUIYA: Lakini kumwita kikaoni si tiba, Baba. Wamemwita wengine. Alisimama mbele ya wazee kumi na wawili, akaulizwa alivaa nini. Akatamani angeachwa jikoni.

Hapo Mama amenisahihisha, na marekebisho yake yanaiimarisha hoja kuliko nilivyoiweka mwanzoni. Kuwepo hakutoshi. Matendo ya Mitume, sura ya 6, inaeleza jinsi wajane wenye kusema Kigiriki walivyosahauliwa katika ugawaji wa chakula wa kila siku. Mitume hawakuwaita wajane wajieleze mbele ya waliowasahau. Waliitisha mkutano, wakachaguliwa watu saba wa kushika kazi ile, na majina yote saba, kuanzia Stefano na Filipo, ni ya Kigiriki. Yaani upande uliodhulumiwa ulikabidhiwa mfuko. Kanisa la kwanza, lilipokabiliwa na malalamiko, lilihamisha mamlaka ya kuamua kuelekea kwa wale waliokuwa wakilipa. Kwa kesi ya binti wa Kasongo au Kabambare, hii ina maana ya vitendo: kwanza anasikilizwa na mwanamke aliyemchagua mwenyewe, mahali anapojiona salama, anapelekwa hospitali kabla ya kikao chochote, wazee hawana idhini ya kupokea kitu mpaka yeye amesema neno lake, na neno lake likiwa hapana, ni hapana. Jumuiya ndogo za Kikristo, zinazokutana kila juma nyumba kwa nyumba na ambazo mara nyingi zinabebwa na akina mama, zinaweza kufanya hivyo bila kungoja barua ya askofu wala fedha za shirika. Wazee watauliza ni nani aliyewapa wanawake hao mamlaka. Wajibiwe kwa sura ya 6 ya Matendo, na kama kuna mmoja kati yao anayeona sura hiyo haimhusu, aieleze mbele ya jumuiya nzima, binti akiwa na watu wake pembeni.